Mtetezi wa Nyumbani: Kazi ya Daftari, Barua na Ufuatiliaji

Kuna swali ninaloletewa na watu wa aina tatu. Kuna kijana aliyemaliza kidato cha nne, anatumia kiti mwendo, na mvua ikinyesha barabara ya mtaani kwao haipitiki. Kuna mama ambaye mwanawe ana mtindio wa ubongo na hana wa kumwachia. Na kuna mzee mstaafu ambaye glakoma imemfunga macho yote mawili. Wote wanauliza: je, naweza kuwa mtetezi wa haki za watu wenye ulemavu bila kutoka nyumbani?

Ndiyo, unaweza. Tena zipo sehemu za kazi hii ambazo mtu wa nyumbani huzifanya vizuri kuliko yule anayeshinda kwenye semina. Ila kuongea ni sehemu yake ndogo. Sehemu kubwa ni kuandika, kuhesabu siku, na kuuliza tena kile ulichokwisha kukiuliza. Kama karatasi zinakuchosha, bora ulijue hilo leo.

Ninayoyasema hapa yanahusu zaidi Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya nitazigusa panapostahili.

Chagua jambo moja na ofisi moja

Wengi wanaanza na nia ya kutetea watu wenye ulemavu wa nchi nzima. Ni nia njema, lakini nchi nzima haina anwani. Ofisi ya mtendaji wa mtaa wako inayo. Anza na jambo linaloweza kukamilika ndani ya mwaka mmoja, kwa mfano:

- Watoto wenye ulemavu wa mtaa wako ambao hawajaandikishwa shule.
- Jengo moja ambalo kila mtu lazima aingie: zahanati, ofisi ya kata, shule ya msingi.
- Mikopo isiyo na riba ya halmashauri. Katika kila shilingi 100 za mapato ya ndani, 10 hutengwa kwa mikopo hiyo: 4 za wanawake, 4 za vijana, na 2 za watu wenye ulemavu. Je, mtaani kwako kuna aliyewahi kuomba?
- Matangazo ya mtaa yanayobandikwa ukutani tu, ambayo asiyeona hawezi kuyasoma, au yanayopitishwa kwa kipaza sauti tu, ambayo kiziwi hayasikii.

Ningekuwa mimi ndiye mwanafunzi wa kazi hii, ningeanza na jengo. Jengo halihami, halina siri ya mtu ya kulinda, na linapimika. Mpe kijana wa jirani futi kamba, aende zahanati akupimie vitu vitatu: kimo cha ngazi za mlangoni, upana wa mlango, na upana wa mlango wa choo. Tuseme kuna ngazi mbili, kila moja sentimita 15. Jumla ni sentimita 30. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo njia ya mteremko ya pale inataka mita 3.6. Fundi atakayesema mita moja na nusu inatosha anajenga kitu cha kupigia picha siku ya uzinduzi. Mtu aliye peke yake kwenye kiti mwendo hatakipanda, na akijaribu anaweza kuanguka kwa kisogo.

Ukishakuwa na vipimo hivyo, hakuna ofisi itakayokuambia unalalamika tu.

Vitu vya kuwa navyo

- Kaunta buku moja. Kila jambo lipewe ukurasa wake: tarehe, nani, alisema nini, hatua inayofuata ni lini.
- Simu. Simujanja nyingi za Android zina TalkBack, inayosoma kilichopo kwenye kioo kwa sauti. Asiyeona ataiwasha kwenye mipangilio. Kiziwi atategemea ujumbe mfupi, na asione haya kuiambia ofisi hivyo tangu mwanzo.
- Miguu ya kuazima, yaani mtu mmoja mwaminifu wa kupeleka barua. Mlipe nauli. Asiyelipwa nauli huchoka wiki ya pili.

Kompyuta si lazima. Steshenari ya jirani itakuchapia, na barua ya mkono iliyoandikwa vizuri bado inapokelewa.

Sheria chache za kushika

Hutakiwi kuwa wakili. Unatakiwa kujua kila sheria inakufungulia mlango gani.

- *Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010.* Ndiyo mama wa zote kwa Bara: elimu, afya, ajira, majengo ya umma, mawasiliano. Ndiyo inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu.
- *Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016.* Raia anaomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku zisizozidi 30. Kwa mtu wa nyumbani, hii ni dhahabu. Swali la "mwaka uliopita vikundi vingapi vya watu wenye ulemavu vilipata mkopo?" linaulizwa kwa karatasi, bila kupanda daladala.
- *Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.* Inawatambua wasaidizi wa kisheria, wanaotoa huduma bila malipo. Jambo likielekea mahakamani, mpeleke mtu kwao. Usiliendeshe wewe.
- *Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.* Hii inakubana wewe mwenyewe. Nitairudia.

Upo pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009. Uweke akiba kwa ngazi za juu. Ukimtajia mtendaji wa mtaa mambo ya New York, atadhani umetumwa.

Msomaji wa Unguja na Pemba: kwenu kuna sheria yenu na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Usiende kwa sheha na Sheria Na. 9 ya 2010. Atakuwa na haki ya kukurudisha. Msomaji wa Kenya: shikilia ibara ya 54 ya Katiba ya 2010, inayotaja haki za watu wenye ulemavu waziwazi, na ibara ya 35 kuhusu taarifa. Hakikisha pia watu unaowatetea wamesajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, maana kwenu huduma nyingi zinaanzia kwenye kadi ya usajili huo.

Barua inayojibiwa

Barua nyingi hufia kwenye aya ya kwanza. Soma hii, ambayo nimeiona kwa namna mia:

"Sisi watu wenye ulemavu tumesahaulika kwa muda mrefu. Tunaiomba serikali yetu sikivu itutazame kwa jicho la huruma."

Afisa aifanyie nini? Haina mahali, haina tarehe, haina kitu cha kutekeleza. Ataiweka kwenye faili na dhamiri yake itakuwa safi. Sasa soma hii:

"YAH: OMBI LA NJIA YA MTEREMKO KWENYE MLANGO WA ZAHANATI

Mlango wa mapokezi una ngazi mbili zenye kimo cha sentimita 30 kwa jumla. Kuanzia Julai hadi Septemba, wakazi watano wa mtaa wetu wanaotumia viti mwendo au magongo wamelazimika kubebwa ili waingie. Naomba njia ya mteremko yenye urefu wa mita 3.6 iingizwe kwenye mpango wa matengenezo wa mwaka ujao wa fedha. Naomba jibu kwa maandishi au kwa simu ifikapo tarehe 30 Novemba."

Hakuna huruma humo, wala kelele. Lakini akikataa, lazima akatae kitu kinachojulikana.

Fuata haya kila mara:

1. Barua moja, ombi moja. Ukichanganya zahanati, mkopo na barabara, watajibu lile rahisi na kusema wamekujibu.
2. Pita ngazi. Unapomwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri, weka "K.K. Mtendaji wa Kata" (yaani kupitia kwa) chini ya anwani. Ukimruka, barua itarudishwa kwake kutafuta maoni. Hapo umepoteza wiki kadhaa na umemuudhi mtu utakayemhitaji tena.
3. Mwisho weka "Nakala kwa": diwani, na mganga mfawidhi kama ni zahanati. Nakala huamsha.
4. Toa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inarudi nyumbani ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Mpelekaji asikubali kuambiwa "iache tu hapo mezani". Kama mhuri hakuna, karani asaini kwenye daftari la dispachi au nyuma ya nakala yako: jina, cheo, tarehe.
5. Siku hiyohiyo andika kwenye kaunta buku.

Barua isiyo na mhuri wala saini ihesabu kwamba hukuipeleka.

Kufuatilia bila kugombana

Baada ya siku 14, piga simu. Maneno yawe machache: "Shikamoo mzee. Naitwa fulani, nilileta barua ya zahanati, mkaipokea tarehe 6 Oktoba. Naomba kujua ipo kwa nani sasa." Usiulize "imefikia wapi", maana jibu lake ni "inashughulikiwa", na inashughulikiwa haina mwisho. Uliza ipo kwa nani. Ukipata cheo cha mtu, umepata pa kupiga simu inayofuata.

Kama kimya kinaendelea, panda hivi:

- Barua ya kukumbusha, ikitaja tarehe ya ile ya kwanza na Kumb. Na. kama waliipa.
- Ombi rasmi la taarifa chini ya sheria ya 2016.
- Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, na kamati ya watu wenye ulemavu ya eneo lako kama ipo na inakaa.
- Malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Yanapokelewa kwa maandishi na huduma yao haina malipo. Jua tu kwamba jambo lililoko mahakamani hawaligusi.

Redio nayo ni chombo kizuri kwa mtu wa nyumbani, kwani vipindi vya asubuhi vinapokea simu. Lakini isiwe hatua ya kwanza, na usiitumie kwa kuvizia. Mwambie mtendaji kwamba Jumatatu utaliuliza jambo hili redioni. Mara nyingi jibu hupatikana Ijumaa.

"Lakini…"

*"Asiyekuwepo na lake halipo. Mkutanoni nitasemaje?"* Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Peleka hoja yako kwa maandishi kwa mwenyekiti siku kadhaa kabla, omba isomwe, na omba iingie kwenye muhtasari. Kisha omba kuuona muhtasari. Tena hoja yako ya kwanza iwe hii: kwa nini mkutano wa wote unafanyika mahali ambapo baadhi ya wanakijiji hawawezi kufika?

*"Nimeishia darasa la saba."* Barua niliyoinukuu hapo juu haina neno lolote la chuo. Hesabu ya ngazi mbili ni hesabu ya darasa la nne.

*"Mimi sina ulemavu, ni mzazi tu."* Una nafasi, hasa mtoto akiwa mdogo. Ila kijana wa miaka 15 ana maoni yake kuhusu shule yake, na mtu mzima ana maoni kuhusu maisha yake. Muulize kwanza, na umwachie yeye aamue. Nimeona wazazi wakipigania mtoto apelekwe shule ya bweni ya mbali, na mtoto mwenyewe alikuwa anataka choo tu kirekebishwe katika shule ya jirani. Na usiseme kwamba kiziwi hawezi kusema: mtu anayetumia lugha ya alama anazungumza. Kinachokosekana ni mkalimani, na mkalimani ndiye wa kuombwa.

*"Nitalipwa?"* Mwanzoni hulipwi, na anayekuahidi posho kabla ya kazi mwogope. Baadaye wengine hupata ujira kwa ukaguzi wa majengo, kwa kufundisha watumishi wa ofisi namna ya kuhudumia watu wenye ulemavu, au kwa kuandaa maandishi ya nukta nundu. Kwa mwaka wa kwanza, panga kuwa kazi hii itakula vocha zako.

*"Wakinichukia?"* Wapo watakaokasirika. Laumu hatua iliyokosekana, usimlaumu mtu. "Barua haijajibiwa kwa siku 40" ni kweli isiyotukana. "Mtendaji hana utu" ni tusi, na kuanzia hapo mtakuwa mnazungumzia tusi hilo, zahanati imesahaulika.

Siri za watu

Hapa ndipo watetezi wenye nia njema wanapoharibu.

- Hali ya afya ya mtu ni taarifa nyeti chini ya ile sheria ya 2022. Kabla hujaandika jina na hali yake kwenye barua, pata ridhaa, ikiwezekana ya maandishi. Mweleze barua inakwenda kwa nani. Kwenye barua ya zahanati, "wakazi watano" inatosha. Majina ubaki nayo.
- Usirushe picha ya mtoto kwenye kundi la WhatsApp, hata kama mzazi kakubali akiwa na shida. Shida si ridhaa, na picha haifutiki kwenye simu za watu 200.
- Kwa watu wenye ualbino, ongeza tahadhari mara kumi. Nchini mwetu watu wameuawa, watoto wakiwemo. Picha inayoonyesha nyumba, njia au sare ya shule haitoki. Hakuna kampeni yenye thamani ya uhai wa mtu.
- Ukipata habari ya ubakaji au ukatili, usichunguze, usipatanishe, usiite kikao cha ukoo. Piga simu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na Afisa Ustawi wa Jamii siku hiyohiyo. Kwa mtoto, namba 116 inapigwa bure.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

- Kuahidi. "Nitakupatia kiti mwendo" si kauli ya mtetezi. Sema: "Nitaandika ombi, na nitakujulisha kila hatua."
- Kukusanya michango kwenye namba yako ya simu. Hata ukiwa mwaminifu kama malaika, siku moja hesabu itagomba na jina lako litakwenda nayo. Kama mtu anataka kuchangia, mwelekeze amlipe muuzaji wa kifaa au chama kilichosajiliwa.
- Kulipia "fomu za ufadhili". Matapeli wanajua watu wenye ulemavu wanasubiri misaada. Anayeomba ada ya kufuatilia msaada, mpe jibu moja: hapana.
- Kungoja Desemba 3. Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu ina hotuba nzuri na fulana, lakini fedha za halmashauri hazipangwi kwenye viwanja vya sherehe.
- Kufungua "televisheni ya mtandaoni" ya utetezi kabla ya kuuliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu leseni. Uliza kwanza.
- Kuacha daftari na kutegemea kichwa.

Nyumba yako ni ofisi, lakini bado ni nyumba

Habari ikienea, watu watabisha hodi alfajiri na usiku. Weka siku na saa, mfano Jumanne na Alhamisi saa tatu hadi saa sita, na uwaambie wenzako wa nyumbani kabla hujawaambia majirani. Wao ndio watakaopika chai. Mtu asipokelewe chumbani. Barazani panatosha, na mtu wa tatu awepo, kwa usalama wako na wa mgeni. Kaunta buku lifungiwe, kwa sababu lina mambo ya watu.

Na ukichoka, funga wiki moja. Afisa huenda likizo. Nawe una haki hiyo.

Mwaka unavyokwenda

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Ombi lolote linalohitaji fedha liwe limefika kabla halmashauri haijafunga mipango yake, na mipango hiyo hupikwa kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata. Hivyo Agosti na Septemba pima na kusanya. Oktoba peleka barua. Januari uliza kama ombi limeingia kwenye bajeti, na uulize ni kwenye mstari gani. Julai anza kuuliza utekelezaji. Ombi la mwezi Mei litaambiwa lisubiri mwaka mwingine, na kwa kweli litasubiri.

Kabla ya kufungua chama chako

Ukishafanikisha jambo moja, atatokea wa kukushauri usajili asasi. Tulia. Usajili unakuja na katiba, ripoti, mkaguzi na ugomvi wa cheo cha mweka hazina. Vipo vyama vyenye matawi tayari: CHAVITA cha viziwi, chama cha wasioona TLB, chama cha watu wenye ualbino TAS, CHAWATA kwa wenye ulemavu wa viungo, na juu yao SHIVYAWATA, shirikisho linaloviunganisha. Tafuta tawi la wilaya yako, jiunge, na uwape nakala za barua zako zote zenye mihuri. Wakikualika kwenye kikao kilichopo ghorofa ya pili ya jengo lisilo na lifti, unajua barua ya kuwaandikia.